Taa Inayopofusha Haimpi Mtu Usalama

Juma lililopita, mwendo wa saa mbili unusu usiku, nilikuwa nikiendesha gari katika barabara ya Argwings Kodhek, mtaani Hurlingham, pikipiki iliponijia na taa nyeupe kali ajabu. Sikuona kitu. Nilikanyaga breki, na macho yaliponirudia nikamwona mama mmoja amesimama katikati ya barabara, hatua chache tu kutoka gari langu. Lau ningalikuwa na haraka, leo watu wangalikuwa matangani.

Masaibu haya hayaajabishi tena. Wenye bodaboda na magari hununua balbu za LED kwa imani kuwa kadiri taa ing'aavyo ndivyo walivyo salama. Huko ni kujidanganya. Taa ya kawaida iliundwa ikusanye mwanga wa waya mwembamba uliowekwa mahali maalumu. Ukitia humo balbu isiyolingana nayo, mwanga hutawanyika na kuwachoma macho wanaokuja, hata dereva akiwa ameishusha taa.

Hebu tupige hesabu. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata takriban mita 14 kila sekunde. Dereva aliyepofushwa kwa sekunde tatu huenda mita 40 na zaidi bila kuona. Je, anayelipia ni nani? Si mwenye taa. Ni bawabu aendaye lindoni na muuguzi atokaye zamu Hospitali ya Nairobi, ambao mwanga huo huwaficha badala ya kuwafichua. Nao waenda kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaokufa katika barabara za Kenya.

Wapo watakaonijibu kwamba njia zetu nyingi zina giza, basi kila mtu ajitafutie nuru. Hoja yao ina uzito, na ni wajibu wa serikali ya kaunti kutuwekea taa. Lakini nuru anayojipatia mmoja kwa kumnyima mwenziwe macho ni dhuluma.

Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, iliyoundwa mwaka 2012, haifai kuridhika kuwa taa inawaka. Sharti ipime inamulika wapi. Polisi nao wawasimamishe wakosaji usiku, si mchana tu.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Aliyepofushwa na mwenziwe ataambiwa nini?