USHURU WA DARAJA NA MLANGO WA MAHAKAMA

Mtu ashukaye kutoka Lushoto mpaka Mombo halipi ushuru wa daraja. Kwa hiyo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakadhani kuwa habari hii ni ya watu wa Dar es Salaam tu. Sivyo.

Daraja la Nyerere huko Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016. Lilijengwa kwa fedha za NSSF pamoja na za Serikali, na ushuru ukawekwa ili gharama irudi. Wakazi walinung'unika, na mwaka 2022 Serikali ikaupunguza. Ni jambo la shukrani. Lakini kupunguziwa kwa hisani si sawa na kupata haki. Lau Serikali isingalisikia, mnung'unikaji angalikwenda wapi?

Mlango upo, nao ni Mahakama Kuu. Katiba, Ibara ya 138, yakataza kutoza kodi ya namna yoyote isipokuwa kwa nguvu ya sheria iliyotungwa na Bunge. Jaji hapangi bei ya kuvuka. Hiyo si kazi yake. Yeye huuliza: Aliyetoa amri alipewa mamlaka na sheria gani? Waliohusika walisikilizwa? Sababu zake zakubalika kwa akili? Akiona kasoro aweza kuibatilisha. Lakini mwombaji hana budi kupata kwanza ruhusa ya Mahakama, na miezi 6 isipite tangu uamuzi kutolewa.

Mwaka 1894 Mahakama ya juu ya Marekani ilitengua sheria ya jimbo la Kentucky iliyoshusha ushuru wa daraja la mto Ohio, maana daraja lile liliunganisha majimbo mawili, na jimbo moja peke yake halikuwa na mamlaka hayo. Basi hata amri iwafaayo wavukaji huanguka ikikosa mamlaka.

Hapo ndipo tunapoingia sisi makarani. Jaji hutaka kuona barua, kumbukumbu za mkutano na hesabu; na waandishi wa hayo ni sisi. Ndivyo ilivyo pia kwa ushuru wa mazao utozwao na halmashauri. Karani aandikaye tangazo bila kutaja kifungu cha sheria, au aachaye malalamiko ya wakulima katika mtoto wa meza bila tarehe, aidhuru Serikali na raia pamoja.

Twawaomba wanachama: kila amri ya malipo ipitayo mikononi mwenu, ulizeni kifungu chake, itieni tarehe, tunzeni jalada lake. Huo si ukaidi. Ndio utumishi wenyewe.