Pembe Zisizokuwako

Mwalimu wa shule ya msingi anapotaka kuwafundisha watoto habari za Waviking, mara nyingi huanza kwa kuchora ubaoni kofia ya chuma yenye pembe mbili. Watoto hufurahi, nao huinakili madaftarini. Sisi twasema kwamba picha hiyo ni uongo, na haifai kuendelea kuchorwa.

Pembe hizo zilitoka jukwaani. Mwaka 1876, michezo ya kuimba ya Richard Wagner ilipoonyeshwa Bayreuth, Ujerumani, msanii aliyebuni mavazi, Carl Emil Doepler, aliwavika baadhi ya waigizaji kofia za pembe. Wachoraji wa vitabu wakaiga. Kofia iliyofukuliwa Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943, ambayo ni ya zama za Waviking hasa, haina pembe. Zile za pembe zilizopatikana Veksø, Denmark, mwaka 1942 ziliwatangulia Waviking kwa zaidi ya miaka 1,500.

Kosa la pili ni letu sisi watu wa lugha. Wako wanaotafsiri neno Viking kwa kusema "maharamia", wakaishia hapo. Katika lugha ya kale ya Skandinavia, víkingr alikuwa mtu aliyetoka kwenda kuvamia na kusaka mali ng'ambo ya bahari. Hiyo ilikuwa shughuli, si kabila. Watu wengi wa Norwei, Denmark na Uswidi kati ya karne ya 8 na ya 11 walikuwa wakulima, wafugaji na wavuvi. Watawa wa Lindisfarne, waliovamiwa mwaka 793, walikuwa na haki ya kuwaita wageni wao maharamia. Mwalimu hana haki ya kuwabandika jina hilo watu wa nchi tatu.

Wapo wenzetu watakaouliza: mtoto wetu wa bara, ambaye hajaiona bahari, ana haja gani na haya yote? Twawajibu kwamba ndiye hasa mwenye haja nayo. Mtoto huyu hukaririshwa omo na tezi, mkuku na mataruma, foromali na kalafati, kana kwamba ni majina ya majini. Mpeni chombo kimoja akichunguze, maneno yatamkaa.

Chombo cha Gokstad, kilichofukuliwa Norwei mwaka 1880, kina urefu wa mita 23 hivi na matundu 32 ya makasia. Mafundi walipasua gogo la mwaloni kwa shoka na kabari, wala si kwa msumeno, ili ubao ufuate nyuzi za mti. Hivyo ukawa mwembamba, mgumu, tena wenye kupindika bila kuvunjika. Walianza na mkuku, wakapandanisha mbao ukingo juu ya ukingo kama vigae, wakazikaza kwa misumari ya chuma na kutia kalafati ya sufi yenye lami. Mataruma yalifuata baadaye. Kwa kuwa chombo kilizama majini kiasi cha mita moja tu, kiliweza kupanda mito na kupwelewa ufukoni pasipo bandari. Hapa mtoto aelewe kwa nini wavamizi walifika ghafla namna ile. Usukani ulikuwa kasia pana ubavuni mwa kulia, na hata leo Waingereza huuita upande huo wa chombo kwa neno lililotokana na usukani.

Tanga lake lilikuwa la sufi, nalo lilisokotwa na kufumwa na wanawake kwa kazi ndefu mno. Picha za vitabuni hazina wanawake hao. Hata hivyo, chombo cha Oseberg, kilichofukuliwa mwaka 1904, walizikwa ndani yake wanawake wawili, mwaka 834.

Mwalimu na auweke mtepe wa Lamu kando ya chombo hiki: huku msumari, kule kamba ya makumbi, huku tanga la sufi, kule tanga la mkeka, yote mawili ya pembe nne. (Hizo ndizo pembe za kweli.)

Siku hizi limezuka kosa lililo kinyume. Vitabu vingine, kwa kuona aibu ya mashoka, husema Waviking walikuwa wafanyabiashara tu. Biashara gani? Ngozi, naam, na watu. Dublin ilikuwa soko lao la watumwa. Ibn Fadhlan, aliyefika mto Volga mwaka 922, aliandika habari za wafanyabiashara Warus, ambao wataalamu wengi huwahesabu kuwa wa asili ya Skandinavia, wakiwa na vijakazi wa kuuza. Na dirhamu za Waarabu zimefukuliwa kwa wingi kisiwani Gotland. Sisi tunaowafundisha watoto habari za Bagamoyo na Unguja bila kuficha, kwa nini tufiche za Dublin?

Ikiwa shida ni vifaa, mgomba unatosha. Mtoto abandue maganda yake, ayapandanishe ukingo juu ya ukingo, ayabane kwa miiba, kisha akitie chombo chake katika beseni la maji. Kitavuja. Atauliza pa kuziba na cha kuzibia, na hapo mwalimu aandike ubaoni: kalafati.