Abunuwasi Mlangoni mwa Idara: Gado na Woga wa Wahakiki Wetu

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi mmoja wa uzamili aliwasilisha pendekezo la utafiti mbele ya kamati ya idara moja ya Kiswahili humu nchini. Alinuia kuchunguza Abunuwasi, kitabu cha hadithi za picha alichokichora Gado na kikatolewa na Sasa Sema, Nairobi, mwaka 1996. Hakuhojiwa kuhusu nadharia yake. Hakuulizwa amesoma nini. Mwanakamati mmoja, mtu ninayemheshimu na ambaye uchambuzi wake wa tenzi nimeufundisha kwa miaka mingi, alifunga faili akasema: "Hii si fasihi. Hii ni michoro ya watoto." Wengine wakacheka, pendekezo likarudishwa, na mwanafunzi akashauriwa atafute riwaya. Aliipata. Tasnifu ikapita, na sidhani kama yupo aliyeifungua tangu siku hiyo, nikiwamo mimi niliyekuwa msimamizi wake.

Makala haya ni utetezi ambao nilipaswa kuutoa siku ile na sikuutoa. Nilinyamaza kwa sababu ambazo wasomaji wa jarida hili wanazifahamu fika: sikutaka kuonekana nimeshuka hadhi, na kulikuwa na jambo langu jingine mbele ya kamati hiyohiyo. Si sababu za kujivunia. Lakini suala lenyewe ni kubwa kuliko woga wa mhadhiri mmoja, kwa kuwa linahusu nani ana haki ya kuamua mpaka wa fasihi ya Kiswahili, na kwa kigezo gani.

Dai langu ni hili. Gado ni msanii mmoja, wala si wanne kama tunavyomgawa. Na ile kazi yake ya Kiswahili, ambayo ndiyo isiyosomwa na wasomi, ndiyo inayotufungulia zile nyingine zote. Ikiwa hivyo ndivyo, basi idara za Kiswahili ndizo zenye zana za kumsoma, na zana hizo tumezikalia.

Godfrey Mwampembwa, ambaye jina la Gado limemmeza kabisa, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Hakuota kama uyoga. Katika mji huo Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa akisuta na kuchekesha katika gazeti la Uhuru, hata watu wakafikia kuziita katuni zote "chakubanga". Baadaye jarida la Sani likawaleta akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Upande huu wa mpaka, Edward Gitau alikuwa akimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo. Kwa hiyo palikuwa tayari na hadhira ya Kiswahili iliyojua kusoma picha na maneno kwa pamoja, hadhira kubwa kuliko ile ya riwaya zetu nyingi, na tujikaze tukiri hivyo. Gado alianza kuchapisha michoro angali mwanafunzi. Alijiunga na masomo ya usanifu majengo, akayaacha, na mwaka 1992 akaja Nairobi kuichorea Daily Nation. Kifungu cha 2A cha katiba kilikuwa kimefutwa Desemba iliyotangulia, na nchi nzima ilikuwa ikijifunza upya kusema kwa sauti.

Yaliyofuata yanajulikana, japo hayajulikani kwa pamoja. Mwaka 1996 alitoa Abunuwasi. Mwaka 2000 alitoa Democrazy!, mkusanyiko wa katuni zake za magazetini. Alikwenda Vancouver, Kanada, kusomea filamu za vibonzo. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi. Mwaka 2009 XYZ Show ilianza kuonyeshwa katika runinga ya Citizen, vikaragosi vya mpira vikiwaigiza wakubwa wa nchi, kwa kufuata mfano wa Les Guignols de l'info ya Ufaransa na Spitting Image ya Uingereza. Januari 2015 katuni yake ya Rais Kikwete ilichapishwa katika The EastAfrican. Punde si punde gazeti hilo likazuiwa kuuzwa Tanzania, sababu iliyotolewa rasmi ikiwa ni usajili. Mwaka 2016 mkataba wake na Nation haukurudiwa, na mwaka huohuo akatuzwa mjini Geneva pamoja na Zunar wa Malaysia. Baadaye akaendelea na kazi yake katika Standard.

Sasa tazama wasomi walivyomgawana. Wa sayansi ya siasa wamechukua katuni za uhariri, wakazifanya ushahidi wa upanuzi wa demokrasia. Wa uanahabari wamechukua vikaragosi na ule mkasa wa 2015, wakaandika kuhusu uhuru wa vyombo vya habari. Kila mmoja amekata mnofu wake akaenda zake. Kitabu cha Abunuwasi kimebaki mezani kama mfupa usio na mwenyewe, kwa kuwa kimeandikwa kwa Kiswahili nao hawasomi Kiswahili, na kwa kuwa kimechorwa nasi hatusomi michoro.

Huyo Abunuwasi ni nani? Abu Nuwas wa historia alikuwa mshairi wa Baghdad katika zama za Harun al-Rashid, mtu wa mashairi ya divai na mapenzi. Alipofika pwani yetu alikuwa amevua ushairi na kuvaa ujanja. Katika hekaya za Kiswahili yeye ni raia mnyonge anayeishi karibu mno na enzi, na silaha yake ni moja tu: kumnasa mwenye nguvu kwa maneno ya mwenye nguvu mwenyewe. Kisa cha sufuria ndicho kielelezo kinachojulikana zaidi. Anaazima sufuria, anairudisha na kitoto chake, akisema imezaa; mwenyewe anapokea kwa furaha. Mara ya pili hairudishi, anasema imekufa. Jirani aliyekubali kwamba sufuria huzaa hana tena mdomo wa kukataa kwamba sufuria hufa. Hakutukanwa wala hakupigwa. Ameachwa na mantiki aliyoikubali wakati ilipomnufaisha.

Hiyo ndiyo mbinu kuu ya Gado popote alipo, awe na kalamu au na kikaragosi. Kikaragosi cha mkubwa hakitukanwi. Kinaachwa kiseme, na kadiri kinavyosema ndivyo kinavyojifunga. Katuni nzuri ya uhariri haimwambii waziri kuwa ni mwizi. Inaichukua hotuba yake kama ilivyo na kuichora, ahadi ikawa kitu cha kuonekana, nasi tukaona kuwa haiwezi kusimama. Mtu aliyelelewa na hekaya hizi anaitambua mbinu hiyo mara moja. Mtaalamu wa siasa haioni, hivyo anaiita "ujasiri", neno ambalo halielezi lolote kuhusu usanii. Wajasiri ni wengi. Wanaojua ni wakati gani wa kumwacha sultani amalize sentensi yake ni wachache.

Labda mwenzangu wa kamati atajibu kwamba hekaya ni fasihi, haina shaka, bali michoro si fasihi. Hapa ndipo ninapomshangaa zaidi, kwa sababu ni yeye aliyetufundisha kwamba hekaya haikamiliki bila utendaji: mkono wa fanani, jicho lake, kituo chake kabla ya neno la mwisho. Anaposimulia kisa cha sufuria, fanani hodari hunyamaza kidogo baada ya "imekufa". Kimya hicho ndicho kisa. Hadithi inapoingizwa katika maandishi ya kawaida, kimya hicho hupotea, na mwandishi hulazimika kukijaza kwa vielezi: kwa mshangao, kwa ghadhabu. Mchoraji hana haja ya kukijaza. Anayo nafasi nyeupe iliyo kati ya fremu na fremu, na ndani ya nafasi hiyo msomaji anafanya kazi iliyokuwa ya hadhira: anasubiri, anakisia, anacheka kabla hajaambiwa acheke. Kwa kipimo hiki hadithi ya picha iko karibu na fasihi simulizi kuliko kilivyo kitabu chochote cha hekaya tulichosoma shuleni. Tunalia kila mwaka kwamba fasihi simulizi inakufa katika maandishi; ikija imeingia katika maandishi na pumzi yake, tunaifungia mlango.

Kuna hoja kwamba picha humlemaza msomaji, eti humpa kila kitu. Anayesema hivi hajawahi kujaribu kuisoma picha kwa dakika tano. Tena, mbona hoja hii haitumiki dhidi ya kanga? Tumekubali zamani kwamba jina la kanga ni fasihi. Tumeliweka katika silabasi, tumewatuma wanafunzi sokoni kukusanya majina hayo kwa daftari. Na kanga ni nini kama si sentensi moja ndani ya mchoro, inayovaliwa ili isomwe na mtu fulani tu? Mbona pale hatukusema ni nguo za akina mama? (Tulisema, kwa muda mrefu, kisha tukaona haya.) Na tamthilia je? Tunaisoma Kinjeketile darasani kama maandishi, tukijua fika kwamba nusu ya maana yake iko katika miili iliyo jukwaani. Hatukuiita pungufu kwa hilo.

Ama suala la lugha, hoja kwamba Kiswahili cha katuni si sanifu, hilo nalipita haraka. Lugha ya mhusika hupimwa kwa mhusika. Kigezo hiki tunakifundisha muhula wa kwanza.

Lililo zito zaidi ni aibu inayotungoja. Mwaka 1999 Rose Marie Beck alichapisha Ujerumani makala marefu kuhusu katuni za Kiswahili, akiuliza maswali ya kinadharia ambayo sisi hatujayagusa. Mwaka 2004 Jigal Beez akaandika katika Swahili Forum kuhusu katuni za miujiza za Afrika Mashariki. Siwalaumu; nawashukuru. Wamesoma vijarida ambavyo vimefungiwa maandazi mbele ya milango yetu. Lakini itakuwaje siku mwanafunzi wa Kenya atakapotaka kujua historia ya sanaa iliyochorwa Nairobi, kwa lugha anayoisema nyumbani, ikabidi aagize vitabu kutoka Ulaya? Hili tumeshaliona katika miswada ya kale, ambayo tulikuja kuithamini ikiwa imeshavuka bahari. Kwa miswada tulikuwa na udhuru wa ukoloni. Kwa Abunuwasi hatuna.

Nisieleweke vibaya. Sitetei kila kilichochorwa. Vijitabu vingi vya picha vilivyolipiwa na mashirika ya misaada, kuhusu ukimwi au kuhusu kura, ni mahubiri yaliyowekewa sura: mhusika mbaya anaugua ukurasa wa kumi na mbili, mhusika mwema anatoa nasaha ukurasa wa kumi na tatu. Hivyo ni vibaya kwa sababu zilezile zinazozifanya riwaya nyingi za kimaadili kuwa mbaya, nazo riwaya hizo tunazitahini.

Wala simtetei Gado katika kila jambo. Ile katuni ya 2015 inamwonyesha rais akistarehe huku akihudumiwa na wanawake waliopewa majina ya maovu, ufisadi ukiwa mojawapo. Wanasiasa walibishana kama ni tusi, wanahabari wakabishana kama ni haki. Sikumsikia aliyeuliza kwa nini maovu ya mwanamume yavikwe miili ya wanawake. Tashihisi hiyo ina ukoo mrefu. Tunaifahamu katika tungo za kale zinazoifananisha dunia na mwanamke laghai. Msanii mwerevu kiasi hicho ameirithi bila kuigeuza, na hapo, kwa maoni yangu, mkono wake ulitangulia akili yake. Huo ni uhakiki wa fasihi. Ungeweza kutoka kwetu tu, na hatukuutoa, kwa kuwa tulikuwa tumeshaamua kwamba mtu huyu si wetu.

Lipo pia hili la lugha aliyoichagua. Kitabu kimoja cha Kiswahili, kisha miaka mingi ya magazeti ya Kiingereza. Sidai kujua yaliyomo moyoni mwake, na mkate wa mchoraji huokwa na mhariri. Lakini najua tulivyokipokea kitabu hicho. Sasa Sema ilitoa hadithi za picha kwa Kiswahili, mojawapo ikihusu Liyongo, shujaa ambaye katika idara zetu ana wataalamu wasiohesabika. Wataalamu hao waliandika nini kumhusu Liyongo wa picha? Baadaye Sasa Sema ikanunuliwa na Longhorn. Mwandishi wa riwaya akinyamaza baada ya kitabu kimoja, huwa tunaandaa kongamano kuuliza kwa nini.

Pendekezo la yule mwanafunzi bado ninalo, kurasa kumi na tisa, pamoja na alama ya kalamu nyekundu iliyokata neno "fasihi" katika anwani na kuandika "burudani" juu yake. Yeye mwenyewe sasa anafundisha shule ya upili na ameniruhusu nimpe yeyote atakayetaka kuliendeleza. Muhula ujao nitaliwasilisha upya, kwa jina la mwanafunzi mwingine, mbele ya kamati ileile. Mwenzangu angali mwanakamati. Ninamwomba asingoje kikao. Kurasa za toleo lijalo ziko wazi kwake, na ningependa kusoma, kwa maandishi yake mwenyewe, sababu zinazoifanya kanga iwe fasihi na Abunuwasi asiwe.