Barafu Juu ya Lushoto
Anayepanda msitu wa Magamba, jirani na mji wa Lushoto, hulowa ukungu uliozaliwa na unyevu wa Bahari ya Hindi. Huo ni matone ya maji. Juu zaidi, mara nyingi kupita kilomita 10, kuna nyuzi nyeupe za mawingu ya sirasi: barafu tupu, hata Januari jua likiwaka.

Nazo si tulivu! Chembe za barafu zikianguka hukuta upepo wa kasi nyingine, zikavutwa na kupinda kama mkia wa farasi. Hewa inayopanda hupoa na kuzaa chembe mpya. Inayoshuka huzigeuza mvuke. Ndiyo maana wingu hilo hilo hunenepa hapa, likapauka pale.

Sirasi nyembamba hupitisha mwanga wa jua lakini huzuia joto la ardhi lisitoroke. Kwa kuwa unene wake hutofautiana hapa na pale, anayekadiria joto hilo kwa wastani wa unene pekee hukosea.