Jina la Cheti na Jina la Kitambulisho

Ndugu wazazi, binti wa Mbwara aliyesoma kwa jina la babake, kisha akajiandikisha NIDA kwa jina la mumewe, aweza kurudishwa mlangoni pa usaili ilhali sifa zote anazo. Tangu uhakiki wa mwaka 2017 uliobaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, maelezo ya mdomo hayatoshi. Sekretarieti ya Ajira humtaka mwenye majina yanayotofautiana awasilishe hati ya kubadili jina. Hati hiyo huandaliwa na wakili, ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Nauli ya kutoka Mbwara pekee ni mtihani. Wala sheria yetu haikumtaka mke aiache nasaba yake: Surat al-Ahzab, aya ya 5, yawanasibisha watu na baba zao. Basi ishughulikieni mapema, kabla tangazo la kazi halijatoka.