Aliyetoka kanisani asikilizwe, asiwindwe

Ndugu msomaji, leo nataka kusema juu ya kosa ambalo nililitenda mimi mwenyewe.

Ijumaa moja hapa Bariadi, baada ya sala, alinijia mzee mmoja mkulima wa pamba kutoka upande wa Itilima. Alinieleza kuwa ametoka katika kanisa alilolitumikia miaka mingi. Kabla hajamaliza sentensi ya pili nilikwisha mshika mkono, nikamshukuru Mola kwa sauti na kumuuliza angependa kutamka shahada lini. Mzee akanitazama kwa upole, akasema: "Shehe, sikuja kusilimu. Nimekuja kwa sababu sina wa kumweleza."

Niliona haya. Nikaketi, naye akaeleza. Baba yake alipofariki, ukoo ulifanya mila za mazishi za Kisukuma, naye akiwa mtoto mkubwa hakuweza kukaa pembeni. Wazee wa kanisa wakamtenga. Mwaka uliofuata alifiwa na mwanawe, na wale aliowaimbia katika misiba yao hawakufika kuimba katika msiba wake. Tangu siku hiyo hakurudi. "Mungu sijamwacha," aliniambia, "nimeacha kwenda."

Ndugu zangu katika imani, mkoa wetu wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, ni mkoa ambao Waislamu tu wachache. Si ajabu katika mji mmoja kumkuta mama anayekwenda kanisani, babu anayewatambikia wahenga, na kijana aliyesilimu akiwa masomoni au katika biashara. Kwa hiyo mtu anapotoka kanisani jambo hilo halimhusu yeye peke yake. Nyuma yake kuna mama, kuna mke, kuna shemeji, na kuna swali zito la nani atamzika. Mtu wa namna hiyo anapokuja kwetu huja na jeraha, nasi aghalabu humpokea kwa njia mbili, zote mbaya.

Ya kwanza ni kumpokea kama windo. Tunahesabu vichwa. Akisilimu tunapiga takbira, na mwezi wa pili hakuna amjuaye hata jina. Asiposilimu, tunamwona hana faida.

Ya pili ni kumfanya shahidi wa kesi yetu. Tangu miaka ya 1980 nchi yetu imekuwa na mihadhara ya kulinganisha dini, na wengi wetu tumejifunza mengi humo. Lakini tunajua pia kwamba mara nyingine aliyetoka kanisani hupandishwa jukwaani ili aseme mabaya ya alikotoka, watu wacheke. Akitaja wema aliofanyiwa huko, kipaza sauti hupewa mwingine. Je, huko ndiko kumsikiliza mtu?

Tumtazame Mtume wetu (s.a.w.). Maquraishi walipomtuma Utba bin Rabia kwake pale Makka, alikwenda na maneno ya kuudhi: kumpa mali, cheo na ufalme ili aache ujumbe wake. Mtume (s.a.w.) hakumkatiza. Alimwita kwa lakabu yake ya heshima, Abul-Walid, akamwacha aseme mpaka mwisho, akamuuliza kama amemaliza, ndipo akajibu. Ikiwa mjumbe wa maadui alipewa haki hiyo, mzee wa Itilima anastahili zaidi.

Tukumbuke pia Habasha. Masahaba waliokimbilia huko walikuwa watu walioacha dini ya wazee wao, na wajumbe wa Makka wakataka warudishwe kwa hoja hiyo hiyo. Najashi, mfalme Mkristo, hakuwarudisha kwa kusikia upande mmoja. Alimwita Jaafar bin Abi Talib (r.a.) aeleze mwenyewe. Sisi Waislamu tunaishi na deni la siku ile, kwani mfalme wa kanisa aliwasikiliza watu wetu.

Na kutosikiliza kuna gharama. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga hadi kufa. Ripoti ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ya mwaka 2024 iliwalaumu maofisa wa usalama kwa kutofanyia kazi taarifa zilizowafikia mapema. Miongoni mwa waliosimulia hadharani mambo ya kundi lile walikuwamo waliojitoa humo. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyekilalia akisema, tusimzibe mdomo.

Basi adabu yake ni ipi? Kwanza, keti na unyamaze hadi amalize. Pili, siri yake usiitangaze bila idhini yake, hata kwenye darsa. Tatu, usiitukane nyumba aliyotoka. Qurani, katika Suratul An'aam, imetukataza kuwatukana wanaoabudiwa na wengine, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa kutojua. Nne, akisilimu, msimtenge na mama yake. Bibi Asmaa binti Abubakar (r.a.) alipojiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, Mtume (s.a.w.) alimwamuru aunge udugu naye.

Nafahamu yuko atakayeniuliza: Shehe, na anayetoka msikitini je? Swali hili ni la haki na silikimbii. Hukumu zake wamezijadili wanazuoni, na katiba ya nchi yetu, ibara ya 19, inampa kila raia uhuru wa kubadilisha dini. Ninalouliza mimi ni jingine. Kijana wetu alipoacha kuja sala ya Alfajiri, kisha akaacha Ijumaa, nani aliketi naye? Huenda alipigwa madrasa hadi akaichukia. Huenda alifiwa nasi hatukwenda. Tunapiga kelele siku ya mwisho, ilhali siku mia zilizotangulia hatukuwa na masikio. Tukitaka Wakristo wamheshimu anayekuja kwetu, nasi tujifunze kumsikiliza anayeondoka kwetu, hata kama moyo unauma.

Yule mzee bado hajasilimu. Hupita kwangu siku za mnada, tukanywa kahawa na kuzungumzia bei ya pamba. Mara nyingine humtaja marehemu mwanawe, nami hunyamaza. Kuongoza nyoyo ni kazi ya Mwenyezi Mungu, naye hakuwahi kutukabidhi. Ametukabidhi masikio, na siku ya Kiyama tutaulizwa tuliyatumiaje.