Mliopangiwa Ukerewe, acheni kulia

Mimi niko nyumbani Kerende, nakula ugali wa bure nikisubiri bumu. Orodha ya mazoezi ya kufundisha imetoka na kilio nakisikia hadi huku Tarime: "Jamani nimetupwa Ukerewe!" Kutupwa? Mtu ukiingia kwenye intaneti utaambiwa jinsi ya kufika Tuvalu, kwamba unapanda ndege kutoka Fiji, lakini mwalimu mtarajiwa wa Tanzania hajui kivuko cha Kisorya.

Haya, sikilizeni. Kwa sisi wa Mara, unashuka Tarime mjini, unapanda basi la Mwanza, unavuka daraja la Kirumi, unateremka Bunda. Hapo tafuta gari la Kisorya, vuka hadi Rugezi, kisha Nansio. Wa Mwanza wana meli ya moja kwa moja hadi Nansio. Muhimu ni kuuliza mapema kivuko cha mwisho ni saa ngapi, maana kikikuacha utalala Kisorya.

Wa Ukara mna maji mengine ya kuvuka, kutoka Bugolora hadi Bwisya. Ni njia ile ile aliyozama MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018. Kilikuwa kivuko cha watu kama 100 tu, na waliokufa walizidi 220, tena karibu kabisa na gati. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kabla ya kuulizia gesti, ulizia chombo. Kikijaa, shuka, hata kama umeshalipa na watu wanakuzomea. Ukipewa jaketi la kuokolea livae, usilikalie. Mwalimu mkuu hawezi kukufelisha kwa kuchelewa siku moja, na akitaka kukufelisha, mwache akufelishe ukiwa hai.

Mengine madogo. Beba chandarua. Msioge ziwani, kichocho kipo. Sato na machungwa mtakula mpaka mchoke, na Ukara kuna lile jiwe linalocheza.

Halafu nyie wa Kiswahili ndio mnanishangaza zaidi. Aniceti Kitereza ni wa huko huko! Riwaya yake ya Bwana Myombekere aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe, ikachapwa 1980, akafariki mwaka uliofuata. Mimi nimepangiwa kwingine. Anayetaka kubadilishana anitafute kabla ya Ijumaa.